Maua Mafupi ya Getini

Mimi si mtu wa maua. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania mpole. Nina kibanda cha kutengeneza baiskeli kando ya geti la reli, mikono yangu ina grisi tangu asubuhi hadi jioni, na mteja akiniletea tairi lililochanika huku anasema jana lilikuwa zima, tunagombana kwanza ndipo nalifungua. Lakini kwa ajili ya maua ya shemeji yangu nimewahi kumfukuza mtu mzima na pampu mkononi, na kesho ningemfukuza tena.

Shemeji huyo ni dada mkubwa wa mke wangu, na kazi yake ni kulinda geti. Treni ikikaribia, simu inalia kwenye kijumba chake, anatoka na bendera kwapani, anazungusha mkono wa chuma, na boriti mbili zinashuka, moja kila upande wa reli. Treni ikipita anazizungusha tena zinapanda. Miaka ishirini na sita anafanya hivyo na hajachelewa hata siku moja, wala hujamsikia akijisifu. Mimi nikiziba pancha mbili kabla ya chai nataka mtaa mzima ujue.

Shida ya geti letu ni kwamba boriti inaziba barabara ya magari tu. Ubavuni, kati ya nguzo na kijumba, pana upenyo wa hatua tatu, na hapo ndipo watu walipokuwa wakichomokea huku treni inapiga honi. Wenye baiskeli, wenye ndoo kichwani, wenye watoto mgongoni, wote walikuwa na haraka ya kufa mtu. Shirika la reli likajenga ukuta mfupi, watu wakauruka mpaka ukaanza kumomonyoka. Likaweka uzio wa waya, haukumaliza wiki, wauza vyuma chakavu wakaondoka nao. Likasimika kibao chenye picha ya fuvu, watu wakapata pa kuegemeza baiskeli. Shemeji alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma.

Basi miaka minane iliyopita akautifua ule upenyo, pande zote mbili za reli, na kupanda maua.

Mimi nilicheka, tena mbele yake. Mwenye kitalu cha miche alimwambia yanaitwa ekinasia, jina ambalo mtaa ulilikataa siku ile ile. Ukiliangalia ua lenyewe, katikati lina kichwa cha miiba iliyosimama, rangi ya chungwa inayokaribia kahawia, na kukizunguka pana petali za zambarau zinazoelekea chini kama sketi. Mtaa ukasema hayo ni maua ya nungunungu, na jina likashika.

Aina aliyochagua ni ile fupi, na aliichagua makusudi. Sheria ya reli inasema kinachoota karibu na kivuko kisizidi nusu mita, kwa sababu dereva wa gari lazima aione reli na dereva wa treni lazima aione barabara. Mkaguzi anakuja na kijiti chake cha kipimo hicho, kimepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na sisi tunamwita Kijiti ingawa mwenyewe hana habari. Ekinasia za kawaida zinaweza kumfika mtu kiunoni. Hizi zinaishia gotini, shina nene, zinajisimamia bila kamba wala mti wa kuegemea.

Na watu wakaacha kupita. Hata leo sijui nieleze vipi. Ukuta waliuruka, waya waliuiba, fuvu walilizoea, lakini maua waliona haya kuyakanyaga. Mtu anakuja mbio, anafika pale, anaona zambarau imetanda na vipepeo wanashuka na kupanda, mguu unakuwa mzito. Anasimama. Akishasimama, anaanza kuuliza maswali, na wakati shemeji anamjibu treni imeshapita. Miche arobaini imefanya kazi iliyolishinda shirika zima na chuma chake. Yule mwanamke ni kiboko, nalisema bila kuona aibu.

Utunzaji wake ulinishangaza zaidi. Udongo alioutaka ni ule duni, wenye mchanga na vipande vya kokoto za reli, ambao mtu mwingine angeusomba akautupe. Alipopanda, alihakikisha shingo ya mche, pale majani yanapoanzia, haifukiwi. Kati ya mche na mche aliacha nafasi ya mkono mpaka kiwiko ili upepo upite, maana majani yakibanana yanapata ukungu. Maji mara moja kwa wiki, mengi ya kuzama chini, kisha basi. Ua likichakaa alifuata shina lake mpaka kwenye jani na kulikata hapo, na pembeni kitumba kingine kikapata nafasi. Yale ya mwisho wa msimu aliyaacha yakauke yalivyo, ndege wakala mbegu.

Alikuwa na mengine kumi na moja kwenye makopo, nyuma ya kijumba ambako mimi sina shughuli. Makopo ya rangi ya lita ishirini, yale marefu, kwa sababu ekinasia inashusha mzizi chini kabisa na sufuria pana haiifai. Kila kopo lilitobolewa matundu sita kwa msumari na kupandishwa juu ya mawe ili maji yasituame. Hayo ndiyo aliyaita wanafunzi wake. Mche ukifa barabarani, mwanafunzi mmoja anahitimu na kuchukua nafasi.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mwaka jana, baada ya mvua, binti wa shemeji alijifungua mapacha katika mji mwingine. Shemeji akaomba likizo ya wiki sita, ndefu kuliko zote alizowahi kuchukua. Shirika likaleta mtu wa kushika nafasi yake, mtaratibu sana, ambaye kwake maua na magugu vilikuwa kitu kimoja. Ndiyo maana kabla ya kupanda basi shemeji alinijia mimi. "Shem, maji mara moja kwa wiki," aliniambia. "Usiguse kitu kingine chochote. Nakujua."

Alinijua kweli. Wiki ya kwanza nilitii. Wiki ya pili muuza magazeti, mtu ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu, alisimama pale akasema maua ya shemeji yangu yamedumaa, pengine mama amechoka. Nikakasirika kwa niaba yake. Kiherehere kikanipanda. Mke wangu anafuga kuku, na nyuma ya banda kuna mbolea ambayo mchicha wetu ukiinusa tu unakuwa msitu. Nikabeba nusu gunia, nikaifukia kwenye miche yote, pande zote mbili za reli, na nikaanza kumwagilia kila siku asubuhi kabla sijafungua kibanda.

Yalikua, jamani. Yaliondoka kama yamefukuzwa. Wiki ya nne yalinifika pajani, majani mapana ya kijani iliyokolea, vitumba vimejaa. Nikawa natembea kifua mbele. Muuza magazeti nilimwita aje aone, na nikamwambia kwamba siri ya maua ni mkono wa mtu. Sikujali kwamba mashina yalikuwa membamba na yameanza kulala upande. Wala sikuona kwamba magari sasa yalikuwa yanapunguza mwendo na madereva wanachungulia kwa kunyoosha shingo.

Shemeji alirudi Jumatatu. Alishuka kwenye basi na begi lake, akafika getini, akasimama. Nilimsubiri aseme asante. Aliweka begi chini, akavuka mpaka katikati ya barabara, akachuchumaa kwa kimo cha dereva aliyekaa kwenye gari, akatazama upande inakotoka treni. Alikaa vile muda mrefu. Kisha akaja akachimba kidogo kwa kidole kwenye shina la mche mmoja, akanusa.

"Kuku wa mdogo wangu," alisema.

Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba mmea huu ukilishwa sana unakimbilia urefu na kusahau nguvu, na kwamba mtu aliye ndani ya gari sasa hawezi kuiona treni mpaka iwe imemfikia. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi. Akiyakuta hivyo, yatang'olewa yote na kumwagwa zege. Akaingia ndani, akatoka na mikasi miwili ya kupogolea, akaniwekea mmoja mkononi.

"Wewe ndiye uliyeyalisha. Utakata na wewe."

Tulikata siku nzima, tukipumzika tu treni zilipopita. Alinionyesha pa kukata, juu kidogo ya pale majani mawili yanapotokea, kwa sababu hapo ndipo matawi mapya yatachipua. Tuliyashusha mpaka kimo cha shubiri moja na nusu. Kila shina nililokata lilikuwa na vitumba, vingine vimeshaanza kuonyesha rangi. Nilijaza matoroli matatu. Sioni haya kusema kwamba kwenye toroli la tatu machozi yalinilengalenga. Tukachimbua mbolea yote iliyochimbulika na kurudisha mchanga na kokoto.

Alhamisi mkaguzi alikuta visiki vya kijani kwenye udongo mtupu. Kijiti hakikuwa na la kusema kuhusu urefu. Lakini kwenye udongo ule uliolainishwa na reki palikuwa na nyayo, na alama ya tairi la baiskeli iliyopita moja kwa moja kutoka upande hadi upande. Siku tatu tu bila maua, upenyo ulikuwa umefunguka tena. Mkaguzi si mtu mbaya. Alisema ofisini wanampigia kelele wanataka zege na uzio wa chuma, na yeye miaka yote amekuwa akiwajibu kwamba geti hili lina kitu bora kuliko chuma, je, sasa akawaambie nini?

Shemeji akamwambia yatachanua tena baada ya wiki tano. Mkaguzi akafikiri, akasema atarudi baada ya wiki tano. Akikuta maua na hakuna unyayo, atawaandikia ofisini wasahau zege. Akikuta unyayo hata mmoja, mafundi wanaingia wiki hiyo hiyo.

Alipoondoka, shemeji aliniita nyuma ya kijumba tubebe wanafunzi. Ndipo nilipoyaona yale makopo kumi na moja vizuri kwa mara ya kwanza. Yalikuwa hayajaguswa na mbolea yangu, maana sikukumbuka kama yapo; yalikunywa umande na matone ya paani tu. Yalikuwa yamechanua yote, mafupi, yamejaa, kila shina limesimama wima kama askari, mengine zambarau, mawili meupe, moja la rangi ya chungwa. Kwenye udongo ule wa kokoto, ndani ya kopo la rangi. Nilisimama nikiyatazama nikajiona mjinga wa kutupwa. Tukayapanga sita upande huu, matano upande wa pili.

Upande wa matano ulibaki na pengo. Shemeji akaingia ndani ya kijumba, nikasikia vitu vinasogezwa, akatoka amebeba ringi ya baiskeli. Ilikuwa imepindwa kama bamia iliyonyauka, spoku zimekatika, rangi ya kijani bado imeshika kwenye kipande cha fremu kilichoning'inia. Akaichomeka kwenye pengo.

Ile baiskeli ilikuwa yangu.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo mpaka siku ile sikuwahi kumwambia mtu. Baiskeli ile mke wangu alininunulia kwa jasho lake, alishona nguo za watu miezi minane. Haikumaliza mwaka. Asubuhi moja nilichelewa kufungua kibanda, boriti imeshuka, nikakata kupitia upenyoni. Gurudumu la mbele likanasa relini. Nilivuta mara mbili, halafu nikaruka. Shemeji aliyaona yote kutoka kwenye geti lake, hakusema neno, na mimi nilikwenda nyumbani nikasema baiskeli imeibwa. Mke wangu alikuwa amemlaani yule mwizi kwa miaka saba. Akiona mtu kwenye baiskeli ya kijani anamkodolea macho mpaka mtu wa watu anashuka.

"Nilidhani uliitupa," nilimwambia shemeji.

"Nitaitupaje? Wiki ile ile ndiyo nilikwenda kitaluni." Alikuwa anakandamiza udongo kwa mguu, haniangalii. "Usiku ule sikulala, Shem. Nilikuwa najiuliza ningemwambiaje mdogo wangu."

Miaka saba nilidhani maua yale ni ya watu. Sikujua kwamba yalianza kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyekaribia kuyaua kwa nusu gunia la mbolea.

Nikahamisha benchi langu. Wiki tano nilitengeneza baiskeli pembeni kabisa ya upenyo, jua likinichoma kisogo. Kila jioni shemeji alipitisha reki, udongo ukawa laini kama unga, na kila asubuhi tulikagua. Siku mbili za kwanza nilizuia watu kwa maneno. Siku ya tatu, bwana mmoja wa pikipiki aliyejifanya kiziwi, ndiye niliyemfukuza na pampu. Baadaye makopo yalifanya kazi yao. Watu walisimama kuyaangalia, wakaona na ile ringi, wakauliza ni ya nani. Shemeji aliwajibu wamuulize fundi. Mimi nilisema ni uchafu tu.

Visiki vilichipua wiki ya kwanza. Pale palipokuwa na shina moja yakatoka mawili, matatu, mafupi na manene. Wiki ya nne vitumba vikatokea, vidogo na vigumu kama vifungo vya koti. Nilijikuta nafika kazini mapema ili nivione, mimi huyu.

Mkaguzi alirudi mchana, saa ambayo mke wangu huniletea chakula. Boriti zilikuwa chini, treni ya mizigo inangojewa, na watu kama ishirini wamesimama pande zote mbili. Nungunungu zilikuwa zimefunguka, zambarau tupu, nyuki wanavuma juu yake. Kijiti akasimika kijiti chake mara nne, sehemu nne tofauti, na kila mara ua refu kuliko yote lilifika chini ya ncha kwa upana wa vidole viwili. Akainama kwenye udongo. Akatembea kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuona unyayo. Nilimwona shemeji anaishika bendera kwa nguvu mpaka mishipa imetokeza.

Mkaguzi akasema vizuri sana, maua yanabaki. Kisha akagusa ile ringi kwa kiatu. Hii takataka, akasema, iondolewe.

Ningenyamaza, ingeondolewa na mambo yangeisha. Mke wangu alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu na kapu la chakula. Nikamtazama shemeji, ambaye kwa miaka saba alibeba uongo wangu mbele ya mdogo wake wa tumbo moja, na nikaona nimechoka.

"Hiyo ni yangu," nilisema. "Nilipita hapa boriti ikiwa chini. Mimi niliruka, baiskeli ikabaki. Haya maua yalipandwa kwa sababu hiyo, kwa hiyo naomba iachwe."

Treni ikaingia. Ilikuwa ndefu, mabehewa arobaini na kitu, na wakati wote inapita hakuna aliyeweza kusikika. Mke wangu alikuwa anaitazama ringi. Alikitambua kile kipande cha kijani, nilimwona anavyokitambua. Alitazama reli, akatazama magurudumu ya behewa yanavyozunguka pale pale, kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni mpaka kichwani, taratibu, kama mtu anayehesabu vipande kuona kama vyote vipo.

Behewa la mwisho likapita. Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake, akachukua kijiti chake akaondoka bila kuigusa ringi tena. Shemeji akapandisha boriti. Mke wangu akamwendea dada yake, akamshika mkono uliokuwa na bendera, na nilipoona mabega ya mke wangu yanatikisika nikageuka nikajitia kukaza nati isiyolegea.

Kisha akanijia. Macho yalikuwa mekundu. Akaliweka kapu la chakula juu ya benchi langu.

"Miaka saba namlaani mwizi," alisema, "kumbe nampakulia mwenyewe."

Akayageukia yale makopo, akayapitia moja moja kwa macho, akaonyesha lile la rangi ya chungwa.

"Mwombe dada akupe hilo. Ulilete nyumbani, uliweke mlangoni, pale unapotokea asubuhi kwenda kazini." Akachukua kanga yake akajifuta uso, akaanza kuondoka, halafu akageuka. "Na ole wako uliwekee mbolea."